Kofia Ilitangulia

Shule ya bweni, Pasho
10 Novemba 1996

Mjomba Gyurme,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lori lako zima, na wote mlioko huko Lhasa hamjambo. Sisi huku hatujambo. Mama ameacha kulalamikia magoti, sasa analalamikia meno. Baba ameuza fahali mmoja wa yaki, na tangu siku hiyo anazunguka zizini kama mtu aliyeoza binti. Mama anamwambia avumilie, hayo ni mazoezi tu. Theluji imeshuka hadi malisho ya juu. Hapa shuleni tunalala wawili wawili kwa ajili ya baridi, na mwenzangu ana nyayo kama vyuma.

Sasa neno lenyewe. Najua umeshalisikia, maana Mama alikutumia habari na dereva mmoja, kisha na dereva wa pili, na wote wawili wanaapa kuwa walikuona na kukwambia. Dada Yudron anaolewa. Anaolewa na Norlha, yule kijana mrefu wa kijiji kilicho juu ya ziwa la Rawok, chini kabisa ya mto wa barafu. Mnajimu ametazama vitabu vyake, akasema ni katikati ya Januari, na bi harusi aingie nyumbani kwa mumewe kabla jua halijaondoka juu ya paa. Jua likishaondoka, siku imekufa, na siku njema nyingine haipo mpaka mwaka wetu wa Kitibeti ugeuke, Februari. Mama analia, Baba anahesabu magari, na kila anayekuja kunywa chai anauliza swali moja: Gyurme anakuja lini?

Wanauliza kwa sababu mjomba ndiye mdomo wa bi harusi. Unajua wewe kuliko mimi. Watu wa kule Rawok watafunga lango lao, watauliza kwa wimbo, nawe utawajibu kwa wimbo mpaka waone haya na kulifungua. Na wanasema kule yuko bibi mmoja, Palkyi, nyanya yake Norlha, aliyewahi kuwaacha wageni nje ya lango mpaka ndevu zao zikaganda.

Mimi nimefanywa mpambe. Mnajimu amesema mwaka wangu wa kuzaliwa unapatana na wa Yudron, na wazazi wangu wote wako hai, basi hakuna mwingine. Mpambe husimama ubavuni kwa mjomba, na mjomba akinyamaza ili anywe, yeye ndiye hudaka wimbo. Mjomba, nakuomba usinywe siku hiyo.

Nitakwambia jambo ambalo nyumbani hawalijui. Wiki iliyopita mwalimu wa Kichina aliniita mbele nisome ukurasa mmoja tu. Nilisimama. Nikaona vidole vyangu vya miguu vinajikunja ndani ya viatu. Akangoja, akaniambia rudi ukae. Kesho yake mwalimu wa Kitibeti naye, vilevile. Kwa hiyo nimesomeshwa lugha mbili, na nimenyamaza katika zote mbili.

Njoo mapema. Tafadhali.

Mpwa wako,
Metok


Lhasa
2 Desemba 1996

Mpwa wangu Metok,

Marahaba, marahaba, na nyongeza. Barua yako imefika ikinuka siagi, nikajua imetoka kwetu. Mimi nipo. Lori nalo lipo, linakohoa kuliko mwenyewe. Mwambie Mama yako meno hayang'oki kwa kulalamikiwa, yangekuwa yanang'oka hivyo baba yako angekuwa kibogoyo zamani. Mwambie baba yako pole kwa fahali.

Habari ya harusi ilinifikia, mara zote mbili. Sikujibu kwa kuwa nilikuwa na shughuli. Mjini shughuli haziishi.

Yudron kampata mtu mwema. Namjua Norlha, aliwahi kunisaidia kuvuta lori matopeni, na alipomaliza hakuniomba hata sigara. Ana kasoro moja tu, ni mjukuu wa Palkyi. Huyo bibi nimepambana naye langoni mara mbili. Mara ya kwanza alinishinda. Mara ya pili tulishindana mpaka wapishi wakaja kulia kwamba nyama inaungua.

Sitapitia nyumbani. Mimi natokea magharibi na ninyi mnatokea mashariki, kwa hiyo njia zetu zinakutana hukohuko Rawok. Msinisubiri Pasho.

Lakini kwa vile safari ni ndefu na njia ni njia, wewe jifunze. Usiseme "sijui". Nyimbo za lango sikuandikii, maana haziandikwi. Ukiingia na wimbo wa kukariri, atakuuliza swali ambalo halimo, nawe utabaki umefungua mdomo kama kifuko cha unga. Swali linatoka kwa aliye mbele yako, jibu nalo linatoka kwenye njia uliyopita na kitu ulichoshika mkononi. Basi.

Na hofu yako naijua. Usianze na watu. Imbia yaki. Yaki ana sura ya mtu aliyechukizwa tangu kuzaliwa, lakini hacheki mtu, na hamwambii jirani. Ukizoea yaki, nenda kwa farasi. Farasi anasikiliza zaidi. Ukizoea farasi, binadamu atakuwa mnyama wa tatu tu.

Kula vizuri. Vaa soksi mbili, na huyo mwenzako wa nyayo za chuma mpe moja.

Mjomba wako,
Gyurme


Nyumbani
24 Desemba 1996

Mjomba Gyurme,

Shikamoo tena. Shule imefungwa, niko nyumbani. Mama anakusalimu, Baba anakusalimu, Yudron anakusalimu huku anashonewa, kwa hiyo anakusalimu bila kusogea. Amekataa kula mafuta asije akanenepa ndani ya joho kabla ya siku. Nyumba nzima inanuka vitumbua vya ngano.

Nimewaimbia yaki. Siku ya kwanza niliimba kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Siku ya pili ndama mmoja alikuja akaanza kulamba mkono wangu kutafuta chumvi, nikacheka, na wimbo ukatoka wenyewe katikati ya kicheko. Siku ya tatu nilimwona Baba nyuma ya ukuta wa mawe. Alijifanya anatafuta kamba. Kamba ilikuwa begani kwake.

Ila watu bado siwawezi. Jana shangazi wawili walikuja, Mama akasema, "Metok, hebu waimbie kidogo," nikatoka nje kama mtu aliyesahau kitu, nikakaa kwa mbwa mpaka wakaondoka.

Kuna neno limenikaa. Zamani barua zako zilikuwa mistari miwili: nimefika, tumeni nyama. Mambo mengine yote ulikuwa unatuletea mwenyewe mdomoni, ukifika ndiyo tunajua tutacheka mpaka chai ipoe. Safari hii umeandika ukurasa mzima na nyuma yake. Nimeisoma mara nyingi. Umesema njia zetu zinakutana. Hukusema utaimba.

Labda nachokonoa mahali pasipo na kitu. Nisamehe. Tunaondoka wiki ya pili ya mwezi ujao. Nitakutafuta langoni.

Metok


Lhasa
8 Januari 1997

Metok,

Salamu kwa wote. Sina nafasi ya maneno mengi. Lori limevunjika ekseli, na kipuri hakipatikani kabla ya mwaka mpya wetu. Sitafika Rawok. Nimeipeleka barua hii shuleni kwenu kwa kuwa huko ndiko posta inakofika, na huenda ukapita kabla ya safari.

Mama yako usimwambie mapema, atalitia jambo hili machozi bure.

Mdomo wa bi harusi ni wewe. Usiniulize zaidi.

Gyurme


Shule ya bweni, Pasho
4 Machi 1997

Mjomba Gyurme,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya ingawa umeshaanza kuzeeka. Tulikula mizizi mitamu na siagi mpaka Baba akalala ameketi. Mama ameng'olewa jino moja, sasa yaliyobaki yana adabu. Shule imefunguliwa jana. Mlinzi alinipa barua yako ya tarehe 8 Januari. Ilikuwa imelala sandukuni kwake wakati wote tulipokuwa barabarani tukikutazamia.

Nitakujibu kuhusu barua hiyo, lakini mwishoni. Kwanza kaa nikusimulie.

Siku ya kuondoka Mama alikuwa amepanga kila kitu ili tukutane na jambo jema njiani. Jirani yetu Tsomo aliambiwa asimame barabarani na ndoo iliyojaa maji, tuipite tunapotoka, maana kumwona mtu mwenye ndoo tupu ndiko kuharibu safari. Tsomo ni mwaminifu. Ili asichelewe akaijaza ndoo jioni na kuiacha nje. Asubuhi tukamkuta amesimama wima, kitambaa cheupe kwenye mshikio, na ndani ya ndoo jiwe la barafu.

Magari yakasimama. Wazee wakateremka kwenye lori. Mmoja akasema ndoo hiyo haina maji, mwingine akasema ina maji kupita kiasi, Wangdu dereva akauliza kama walete shoka. Tsomo akawa mwekundu.

"Imejaa au haikujaa?" akasema. "Nimesimama hapa mpaka pua yangu siisikii. Imejaa au haikujaa?"

Baba ndiye aliyekata shauri. Alisema barafu ni maji yaliyoketi, na anayemkuta mwenyeji ameketi amepata heri kuliko anayemkuta anakimbia. Tukaondoka.

Yudron alilia kama inavyompasa bi harusi. Alilia kwa nguvu zake zote, kijiji kizima kikaridhika, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulipokata kona ya pili akapangusa uso, akaniuliza nyama kavu iko mfuko gani.

Mjomba, wewe umeipita njia ile mara ngapi sijui, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuipita wakati wa baridi. Theluji ilikuwa imesimama pande mbili juu kuliko gari letu, tunapita katikati kama panya kwenye ufa. Wangdu alifunga minyororo kwenye magurudumu akaimba matusi matamu kwa kila bolti. Kwenye kilele cha mlima tuliteremka wote isipokuwa Yudron, tukarusha karatasi za dua na kupiga kelele kwamba miungu imeshinda. Upepo ukazirudisha, nyingine zikaingia kinywani mwa Baba akiwa bado anapiga kelele. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha nikapiga kelele na mimi. Hakuna aliyenitazama, maana kila mtu alikuwa anapiga za kwake.

Ng'ambo ya kilele milima yote ina barafu mabegani. Barafu nyingine zinaning'inia juu ya barabara kama ulimi wa ng'ombe, zina rangi ya feruzi ya Mama, ile ya zamani. Tulilala kambi ya watengeneza barabara, wakatupa tambi za moto na kumwekea Yudron zulia jeupe ili asikanyage sakafu ya watu. Asubuhi Wangdu akawasha moto wa samadi kwenye karai chini ya injini, na lori likaamka likinung'unika. Nitakiri: nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kuogopa. Nilidhani wewe uko mbele yetu, umeshaketi jikoni kwa Palkyi, unatania wapishi.

Adhuhuri tukafika ziwani. Ziwa lote gumu, jeupe. Na barabara haikuwepo. Mlima ulikuwa umetema theluji asubuhi hiyo, ikashuka na mawe na miti, ikaizika barabara na kupasua barafu ya ziwa karibu na ufuko. Watengeneza barabara walikuwa wameshaanza kuchimba. Msimamizi wao akasema gari litapita kesho, likipita. Mtu kwa miguu anaweza kupita pembeni, juu ya barafu, mmoja mmoja, awe mwepesi, na kamba kiunoni.

Upande wa pili tuliwaona watu wa Norlha, vijana wawili na farasi jike mweupe wa kumpokea bi harusi. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia tukiita, ila hapakuwa na namna ya kumfikisha Yudron. Miguu ya bi harusi haigusi ardhi kati ya nyumba na nyumba. Na akibebwa, barafu inabeba watu wawili na marijani zote za ukoo.

Wazee wakatazama jua. Yudron akatazama jua. Niliona kidevu chake kinatetemeka, na safari hii hakuwa anawaridhisha majirani.

Ndipo Baba akakumbuka desturi yenyewe. Mtu akishindwa kuondoka siku yake njema, si hutoa mfuko wake ukalala kwa jirani, ikahesabiwa ameondoka? Kama mtu anaweza kutanguliza mfuko, kwa nini asitangulize kofia? Kofia ni kichwa, na kichwa ndicho mtu. Wazee wakabishana kidogo kwa heshima tu, kisha wote wakakubali, kwa sababu ya baridi. Yudron akavua kofia yake ya manyoya ya mbweha, akaifunga kwa kitambaa cheupe.

"Nani ataipeleka?" mmoja akauliza.

Wote wakageuka wakanitazama. Mpambe ndiye. Halafu mimi ndiye mwepesi.

Wakanifunga kamba. Msimamizi akanitangulia akigongagonga barafu kwa mtaimbo. Nilikumbatia kofia kama mtoto mchanga. Barafu ililia chini yangu, sauti nyembamba inayokwenda mbali, lakini sikuiogopa, Mjomba. Nilichoogopa ni watu waliokuwa mbele.

Upande wa pili kulikuwa na malori yamekwama yakingoja njia. La tatu lilikuwa lako. Bluu, na mlango wa kushoto wa kijani, ule uliobadilishwa. Nilikimbia, Mjomba. Nilikimbia na kamba bado kiunoni, msimamizi akawa anavutwa nyuma yangu kama ndama. Nikagonga mlango, akachungulia mtu nisiyemjua. Nikamuuliza Gyurme yuko wapi. Akaniangalia, akaangalia kofia, akasema taratibu kwamba mwenyewe yuko hospitali tangu vuli, koo, na yeye amepewa lori alitembeze lisigande. "Hukuambiwa?" akasema.

Nilijibu kwamba niliambiwa.

Basi nikajua langoni hakuna mtu. Vijana wa Norlha wakaifunga kofia juu ya tandiko la farasi mweupe, wakanipa kamba yake nimwongoze, tukapanda kuelekea kijijini. Njia yote mto wa barafu uko mbele yako, unashuka hadi karibu na mashamba yao ya shayiri, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama kuuelekea. Nitakwambia nilichokiwaza, na usimwambie Mama. Niliwaza kumwachia kijana mmoja kamba ya farasi na kurudi. Niliwaza hivyo mpaka tukafika.

Lango lilikuwa limefungwa. Wanawake walisimama mbele yake wameshikana mikono, na wanaume juu ya paa, na watoto juu ya ukuta. Katikati Palkyi, mfupi, na bakuli la pombe ya shayiri mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama farasi, akatazama njia nyuma yetu kama kuna wengine wanakuja. Vijana wakaeleza. Watu wakaanza kunong'ona. Palkyi hakunong'ona.

"Tumeomba mke," akasema, "tumeletewa kofia. Tumemngoja Gyurme, tumeletewa mtoto. Haya, labda huko kwenu mwaka huu mnagawa vitu nusunusu."

Wakacheka. Akainua bakuli, akauliza kwa wimbo:

Mmepita mwamba gani,
na nani kawapa njia?
Na lango hili la nini,
hata mje kugongea?

Ana sauti nzuri. Hukuniambia kwamba ana sauti nzuri. Nikasimama. Vidole vya miguu vikajikunja. Nilitafuta nyimbo zako zote kichwani, zile za mlango wa dhahabu na kizingiti cha fedha, hazikuwepo. Lango lao ni la mbao. Juu ya paa jua lilikuwa limebaki upande mmoja, na kivuli cha mlima kinatambaa juu ya kuni walizopanga. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Kofia na bubu."

Farasi akageuza shingo akanipumulia usoni. Pumzi ya moto yenye harufu ya majani makavu. Basi nikamwangalia yeye, jicho lake, nikamwimbia yeye. Kwanza taratibu, kisha nikasikia ukuta wao unairudisha sauti yangu, kubwa kuliko nilivyodhani ninayo:

Tumepita ziwa gumu,
barafu katupa njia,
lango hili la karamu,
kofia yatangulia.

Kisha wanaume juu ya paa wakapiga mluzi. Palkyi hakucheka, lakini nyusi zilipanda. Akauliza juu ya njia, nikamwimbia ndoo ya Tsomo na Baba aliyekula dua. Watoto walianguka ukutani kwa kucheka. Akauliza juu ya mali ya bi harusi, nikamwimbia kwamba iko ndani ya lori inasikiliza Wangdu akitukana bolti. Sijui yalitoka wapi, Mjomba. Yalikuwa mambo niliyoyaona tu. Kisha akaacha kuimba, akanisogelea akanena karibu, kama anayemaliza kazi.

"Binti, sema kweli. Kofia tumeiona. Kichwa kiko wapi?"

"Bibi," nikamwambia, "kofia imetangulia kutazama kama nyumba ina ukarimu. Kichwa kinangoja habari."

Halafu Palkyi akacheka mpaka pombe ikamwagika kwenye aproni yake. Akageuka akawaambia wanawake, "Fungueni. Fungueni, kabla kofia haijakiandikia kichwa habari mbaya." Tukaingia jua likiwa bado limeshika pembe ya paa. Nililiona kwa macho yangu.

Uone walivyoipokea. Waliiweka juu ya mto wa bi harusi, wakaimwagia nafaka, wakaikaribisha chai ya siagi, na kila kikombe kilipopoa wakakibadilisha. Norlha aliketishwa ubavuni mwake na joho lake zuri, mikono juu ya magoti, amekuwa mwekundu kama marijani. Rafiki zake wanapita mmoja mmoja kumpa pole kwamba mkewe ana nywele nyingi. Mtoto mmoja aliuliza kama kofia italala huku.

Njia ikafunguka kesho yake. Yudron aliletwa juu ya farasi mweupe, akabebwa mpaka ndani, akatazama kofia yake juu ya mto, vikombe, vitambaa vyeupe, na mumewe. "Nimekuta nimeshaolewa," akasema. "Angalau mngeniondolea kazi ya kupika." Alicheka yeye kwanza. Tulikaa siku zote za karamu, na Palkyi kila akinipita ananichokoza kwa swali, na kila mara namjibu. Si kila mtu. Yeye tu, na farasi, na watu wachache. Jana mwalimu aliponiita nilisimama nikasoma nusu ukurasa.

Sasa barua yako. Umeandika kwamba lori limevunjika ekseli. Mjomba, lori lako nililigusa kwa mkono. Limevuka milima yote ile. Sikumwambia Mama. Sina hasira, nilikuwa nayo, nimeimalizia kwa farasi. Nakuuliza wewe, kwa kuwa wewe ndiye ulinifundisha kwamba swali lililoulizwa langoni lazima lijibiwe.

Sauti ipo?

Metok


Lhasa
27 Machi 1997

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako ilinikuta nikiwa kitandani, na hapa chumbani tuko wanaume sita. Nilimpa jirani yangu, mchunga kondoo wa kaskazini, aisome kwa sauti. Alipofika kwenye ndoo ya Tsomo, muuguzi akaja kutugombeza. Alipofika kwa kofia, muuguzi akaketi. Tangu hapo imesomwa kila jioni, na mchunga kondoo sasa anaigiza sauti ya Palkyi vibaya sana.

Umeuliza. Haipo. Kulikuwa na uvimbe kooni, madaktari waliutoa, nao wanasema nitaishi miaka mingi, kwa hiyo usinililie. Lakini sauti waliitoa pamoja nao. Imebaki kama upepo unaopita kwenye tundu la ufunguo. Niliijua hali hiyo kabla habari ya harusi haijanifikia. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika "siwezi", nilikuwa ninalisikia neno hilo kwa sauti yangu ile ya zamani, nikachana karatasi. Ekseli ilikuwa rahisi kuandika.

Mama yako nimemwandikia leo mwenyewe. Atalia, kisha atanitumia nyama.

Sasa sikiliza, maana kuna jambo la kazi. Watu wa Pome wana harusi vuli ijayo, barabara ni ileile ya ziwani. Wamenitumia kitambaa na ombi kwamba Gyurme aje kuwa mdomo wa binti yao, maana hana mjomba. Nimewajibu kwamba Gyurme ameacha kazi hiyo, lakini yuko mpwa wake, na kama hawamwamini wamuulize Palkyi. Wamemuuliza. Jibu lake lilikuwa refu na nusu yake matusi, lakini wamekubali. Usiseme "sijui". Shule itakuwa imefungwa kwa mavuno, nimeshauliza.

Mimi natoka hospitali mwezi ujao, na lori narudishiwa. Nitakuja kukuchukua mwenyewe mpaka mlangoni. Utakaa mbele, karibu na dirisha, ufanye mazoezi njia nzima, na ukikosea sitaweza kukukatiza, hiyo ndiyo faida ya mjomba wa aina mpya.

Na tukifika kwao, ukiwa umesimama langoni peke yako na bibi yeyote wa Pome akajidai kukunyamazisha, usigeuke nyuma kunitafuta. Utanisikia. Nitakuwa kwenye usukani, Metok, na mkono juu ya honi.

Mjomba wako,
Gyurme